Otieno Yupi? Jina la Mtandaoni na Mashahidi Wake Ufuoni mwa Kisumu

Ohangla inapokolea usiku wa Jumamosi kwenye kumbi za Kondele, hufika wakati mchezaji mmoja akaisimamisha. Humtunza mwimbaji noti, ngoma zikatulia, akapewa kipaza sauti. Ndipo anapojitambulisha, na jina analolitaja silo lililo kwenye kitambulisho chake. Hujisifu kwa mafumbo: ametoka kijiji gani, mama yake ni binti wa wapi, wanaomwonea kijicho wamefikia wapi. Wenzake humwitikia, mwimbaji hulidaka jina lile na kulitia ndani ya wimbo, muziki ukaendelea. Waluo huiita desturi hii pakruok. Ilikuwapo zama za nyatiti, ikaingia katika benga ya kina D.O. Misiani, na sasa imo katika ohangla ya kinanda. Mwenye kujisifu ana ruhusa ya kutia chumvi. Lakini waliomzunguka wanamjua baba yake na wanajua anadaiwa na duka gani, hivyo chumvi yake ina kipimo.

Nimeanzia hapo kwa sababu nimechoka kusikia kwamba vijana wa kandokando ya Ziwa Victoria wamefundishwa na simu tabia ya kujificha nyuma ya majina ya kupanga. Huku, mtu mmoja kubeba majina matatu au manne ni jambo la tangu jadi, na hakuna aliyewahi kuliita udanganyifu. Kilichobadilika ni kitu kingine, nacho ndicho kinachostahili kututia wasiwasi: jina la mtandaoni halina mashahidi.

Tazama majina ya kuzaliwa. Mtoto wa usiku ni Otieno, na wa kike ni Atieno. Wa alfajiri ni Omondi. Jua likipanda ni Onyango na Anyango, likifika utosini ni Ochieng' na Achieng', jioni ni Odhiambo na Adhiambo. Ikiwa mvua ilikuwa inanyesha, huyo ni Okoth au Akoth. Pacha wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, wa pili ni Odongo au Adongo, na anayezaliwa baada yao ni Okello au Akello. Juu ya hayo huja jina la marehemu wa ukoo, ambalo mara nyingi hupatikana baada ya aliyekufa kumtokea mtu ndotoni akitaka kukumbukwa kupitia mtoto mchanga. Hufuata jina la ubatizo, kisha la utani la shuleni au la uwanjani. Kwa kuwa nyakati za siku ni chache na watoto ni wengi, shule moja tu huweza kuwa na kina Otieno wa kujaza dawati baada ya dawati, na watu hulazimika kuulizana Otieno yupi. Jibu hutolewa kwa mahali na kwa ukoo: ni wa kwa nani, mama yake katoka wapi. Mwanamke aliyeolewa Kisumu kutoka Alego ataitwa Nyar Alego mpaka azeeke, na huenda wajukuu wake wasilijue kamwe jina alilobatizwa.

Hata mahali hubeba majina namna hiyo. Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani Desemba 1901, Waingereza waliiita bandari Port Florence. Jina hilo halikudumu, Kisumu likabaki. Ziwa limeitwa Victoria tangu safari ya John Hanning Speke ya mwaka 1858, ila wavuvi wa Dunga wakiongea Dholuo ni Nam Lolwe, na ng'ambo kwa Waganda ni Nalubaale. Hospitali kuu ya rufaa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga langoni, lakini mwambie mwendesha boda boda akupeleke Russia uone kama atakuuliza swali la pili, kwani Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga miaka ya sitini. Gor Mahia, klabu iliyoundwa 1968, imebeba jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, na mashabiki wake huiita K'Ogalo. Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, alikuwa Agwambo, Tinga, Jakom na Baba kwa wakati mmoja. Kila jina lilikuwa na watu waliompa na sababu ya kumpa. Tinga lilitokana na trekta, alama ya chama chake cha NDP katika uchaguzi wa 1997.

Halafu kulikuwa na salamu. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka kadi za salamu zilizotumwa kwa redio ya taifa, kila moja imejaa majina ya watu wa kusalimiwa, na chini yake lakabu ya mtumaji. Mtangazaji alizisoma moja baada ya nyingine, na nchi nzima ikawafahamu watu ambao haijawahi kuwaona sura. Watumaji hao waliunda vyama, wakatembeleana, wakachangiana harusi na misiba. Mtu wa Ahero aliweza kujulikana Voi na Kitale kwa lakabu aliyoibuni mwenyewe akiwa ameketi nje ya nyumba yake, na ikawa lazima ailinde, kwa sababu kulikuwa na watu waliomzoea kwa hiyo na wangeuliza akiiacha. Washairi wa Kiswahili nao wana desturi kama hiyo. Amiri Sudi Andanenga alikuwa Sauti ya Kiza, Ahmad Nassir wa Mombasa alikuwa Malenga wa Mvita, na mpaka leo anayetunga kwa ajili ya kurasa za ushairi magazetini hutia lakabu mwishoni bila mtu kumshuku kwamba ana la kuficha.

Kwa hiyo intaneti ilipokuja, ilikuta watu walio tayari. Isiyokuwa tayari ilikuwa intaneti yenyewe.

Facebook iliwafungulia watumiaji wake kujichagulia majina ya anwani usiku wa manane wa Juni 13, 2009, kwa saa za mashariki mwa Marekani. Kisumu ilikuwa saa moja na dakika moja asubuhi, siku ya Jumamosi. Kanuni ilikuwa moja: anayetangulia ndiye anayepata. Jana yake tu, Rais Mwai Kibaki alikuwa Mombasa kuipokea TEAMS, kebo ya mawasiliano iliyopitishwa chini ya bahari kutoka Fujairah. Kebo nyingine, SEACOM, ilianza kazi Julai 23 mwaka huo. Maana yake ni kwamba asubuhi ile Kenya ilikuwa bado inategemea setilaiti: mwendo wa kinyonga, bei ya juu, na mtu akilipa kwa dakika kwenye saiba ambazo nyingi, saa hiyo, zilikuwa ndiyo kwanza zinafunguliwa. Otieno aliyekuwa akisoma London au Minneapolis alikuwa na nafasi kubwa ya kulipata jina lake kavu kavu kuliko Otieno wa mtaa wa Oginga Odinga. Kilichogawanywa siku ile kilikuwa cha bure, nacho kiligawanywa kwa kasi ya laini ya mtu. Watu wa hapa walifika meza ikiwa imeshaanza kusafishwa.

Ndiyo sababu majina ya huku yamejaa tarakimu. Wa pili akaongeza 254, msimbo wa simu wa Kenya. Wa tatu akaongeza 042, namba ya Kaunti ya Kisumu, au 041 ikiwa ni wa Siaya, au 043 ya Homa Bay. Wengine wakarudia herufi ya mwisho. Wengi wakaweka mwaka wao wa kuzaliwa, na hapa nasihi kwa moyo wote: mwaka huo ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo tapeli hutafuta anapotaka kujifanya wewe, na watu wanauning'iniza mlangoni kwa hiari yao. Walioona mbali walirudi kwenye dawa ya kale, wakajiita kwa mahali. Fungua TikTok au X uone kina Ja na kina Nyar wa Ugenya, Gem, Seme, Nyakach na Karachuonyo walivyotapakaa. Wanajibu swali lile lile la Otieno yupi, na wanalijibu kama nyanya zao walivyolijibu.

Kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama, nami naliona kubwa. Mitandao hii haikubali ritifaa katika jina la anwani. X inaruhusu herufi, tarakimu na kistari cha chini, na jina lisizidi herufi 15. Instagram inaongeza nukta na kuruhusu mpaka 30. Ritifaa haimo. Kwa Mwingereza hilo halina uzito. Kwa Achieng' na Ochieng', kwa Nyang'oro na Ong'ondo, ni sauti nzima iliyong'olewa. Ng' na ng si kitu kimoja, iwe kwa Kiswahili au kwa Dholuo. Gavana wa Kisumu ana ritifaa mbili katika jina lake, Anyang' Nyong'o, na kwenye X zote mbili zimeanguka. Binti yake Lupita, aliyeshinda tuzo ya Oscar mwaka 2014, naye hakuachiwa yake. Ikiwa watu wenye jina kubwa kiasi hicho wameandikwa hivyo, mwanafunzi wa Maseno hana wa kumlalamikia. Zipo sababu za kiufundi, kwa kuwa alama hiyo ina kazi nyingine katika lugha za kompyuta. Lakini mitandao hii imekwisha kutatua mambo magumu kuliko hilo pale ilipoona kuna fedha, na hakuna anayedai hili kwa sababu waliolipoteza wamezoea.

Tulizoezwa mapema. Oginga Odinga alipokuwa kijana aliandikwa Obadiah Adonijah, majina ya ubatizo, akayatupa. Alipotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika pekee, alivutana na kanisa lililoshikilia kwamba jina la Kikristo lazima litoke kitabuni. Alishikilia lake. Huo ulikuwa ugomvi juu ya fomu: nani anayeamua ni jina lipi linaloweza kuandikwa ndani ya kisanduku na lipi haliwezi. Fomu ya leo iko Marekani, na hakuna kasisi wa kwenda kubishana naye.

Wapo watoto wanaokumbana na kisanduku hicho kwa namna ya pekee. Novemba 2008, Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani, wazazi kadhaa waliojifungua katika hospitali ile ya Russia waliwapa watoto wao majina ya Barack Obama na Michelle Obama. Habari hizo zilizunguka dunia nzima, na sisi tulizifurahia. Watoto hao walitimiza miaka 13, umri ambao mitandao mingi inaruhusu mtu kufungua akaunti, mwishoni mwa 2021. Jina walilopewa hospitalini lina mwenyewe kwenye kila jukwaa. Na mmoja wao akithubutu kuliandika kama lilivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, anayeliona atadhani ni mzaha au ni utapeli. Kijana huyo hajaiba kitu. Ana cheti, ana wazazi, ana kijiji kizima cha kumshuhudia, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye thamani mbele ya mashine inayouliza tu nani alitangulia.

Wasanii na wanasiasa wamejifunza kuvuka hapo kwa werevu. Phelix Odiwuor, mchekeshaji na mtangazaji aliyekuja kuwa mbunge wa Lang'ata mwaka 2022, anajulikana na wengi kama Jalang'o. Kwenye Twitter alijiandika JalangoMwenyewe. Mwenyewe! Neno moja la Kiswahili limefanya kazi ambayo kampuni ililipa watu wengi kuifanya kwa alama ya tiki. Esther Akoth wa Migori aliongeza herufi mbili kwenye jina la mvua alilopewa, akawa Akothee, na jina hilo likawa la muziki, la kampuni ya safari na la wakfu. Kwa hao, jina la kupanga ni mtaji, na wana mawakili wa kulilinda.

Kwa mama anayeuza samaki ni mtaji pia, ila wakili hana. Biashara ya mbuta, ngege na omena imehamia kwa sehemu kubwa kwenye simu. Picha za samaki waliotua alfajiri Dunga au Usenge zinafika WhatsApp kabla ya jua kuwa kali, na mteja wa Nairobi anaagiza kutoka kwa mtu asiyemjua isipokuwa kwa jina la biashara na picha ya sufuria. Jina hilo limejengwa kwa miaka ya kutouza samaki aliyelala. Kulinakili huchukua dakika chache. Mwizi anachukua picha zile zile, anaandika jina lile lile akiongeza nukta au kurudia herufi moja, anawafuata wateja mmoja mmoja na kuwapa namba mpya ya malipo. Kwa jamaa na marafiki mbinu ni hiyo hiyo: akaunti yenye picha yako inamwandikia shangazi yako aliye Mbita kwamba umekwama, akutumie elfu mbili, utamrudishia kesho. Shangazi hutuma kwa sababu anakupenda.

Hapo ndipo shahidi mmoja anapojitokeza, na ni shahidi ambaye hatukumtarajia. Ukituma fedha kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, jina la kitambulisho la mpokeaji linatokea kwenye skrini. Safaricom iliongeza hatua ya kulionyesha kabla muamala haujakamilika, ikaiita Hakikisha. Sijaona chombo kingine chochote cha kidijitali nchini kilichofanya kazi ya umati wa ohangla kwa ukaribu zaidi ya hicho. Mtu anaweza kujiita atakavyo Facebook, lakini pesa zikitaka kwenda, Nyar Alego anageuka Mary Atieno fulani, na mteja ana sekunde chache za kujiuliza kama hao wawili ni mtu mmoja. Wafanyabiashara waaminifu wa masoko ya Jubilee na Kibuye wamelielewa hilo, na siku hizi huandika kwenye kurasa zao jina litakalotokea wakati wa kulipa. Ni desturi nzuri, na ningependa kila muuzaji aifuate. Haidhuru siri ya mtu, kwa kuwa mnunuzi angeliona jina hilo hata hivyo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, iliyotiwa saini Mei 16, 2018, inafanya kuwa kosa kulichukua au kulitumia bila idhini jina ambalo mtu mwingine analitumia kwenye intaneti, liwe lake binafsi au la biashara: faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Anayetumia kwa hila nywila au saini ya kielektroniki ya mwingine anaweza kufungwa hadi miaka 3. Sasa tazama upande wa pili wa sheria hiyo hiyo. Kwa kuchapisha habari za uongo, ilipopitishwa, iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5, na kwa zile zinazosemekana kuleta taharuki au kumvunjia mtu heshima, kifungo cha hadi miaka 10. Chama cha Wanablogu cha Kenya kilikwenda mahakamani mwezi huo huo, vifungu 26 vikasimamishwa, Mahakama Kuu ikavirejesha Februari 2020, na rufaa zikafuata. Mimi nasoma tarakimu hizo na kuona mizani ya waliozitunga. Anayemwibia mama wa Dunga jina lake amewekewa shilingi laki mbili. Anayemuudhi mkubwa kwa maneno amewekewa milioni tano. Na polisi wa mashinani, ambao mama huyo angewaendea, mara nyingi humwambia arudi siku nyingine au awaandikie Facebook.

Kwa mkubwa hawasemi hivyo.

Jumamosi, Juni 7, 2025, maafisa wa upelelezi walifika nyumbani kwa mzee mmoja katika Kaunti ya Homa Bay wakamchukua mwanawe, Albert Ojwang, mwalimu mwenye umri wa miaka 31 aliyekuwa pia akiandika mtandaoni. Walimsafirisha mamia ya kilomita hadi Kituo Kikuu cha Polisi, Nairobi. Sababu ilikuwa maandishi kwenye X yaliyomhusisha Naibu Inspekta Jenerali Eliud Lagat na ufisadi, na Lagat alikuwa amelalamika. Siku iliyofuata Ojwang alikuwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa, kubanwa shingo na majeraha mengine mwilini ambayo mtu hawezi kujifanyia, na Inspekta Jenerali Douglas Kanja akaomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya kwanza. Lagat alikaa kando Juni 16 ili uchunguzi uendelee. Watu 6, wakiwamo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji na wakakana.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Maandishi yaliyolalamikiwa yalitoka kwenye akaunti, na swali la nani alikuwa nyuma ya akaunti hiyo ni swali ambalo mahakama zinaweza kulijibu kwa ushahidi, kwa utulivu, mshukiwa akiwa hai na wakili wake kando. Badala yake lilijibiwa kwa gari la usiku. Wanaosema kwamba dawa ya matusi ya mtandaoni ni kumfungia kila mtu akaunti yake kwenye namba ya kitambulisho wamewahi kufikiria nani atashika orodha hiyo? Nyanza ilikwisha kupitia orodha za namna hiyo. Tangu miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, karatasi yenye jina lake, alama zake za vidole na majina ya waliomwajiri, kwenye kikebe cha chuma shingoni. Desemba 23, 1921, watu walikusanyika Lundha, Gem, katika mkutano ulioizaa harakati ya Piny Owacho, na kipande kilikuwa miongoni mwa mambo waliyotaka yafutwe. Hawakuwa wanadai haki ya kufanya uhalifu. Walijua tofauti kati ya kujulikana na jirani yako na kujulikana na mwenye bunduki.

Tofauti hiyo ndiyo inayokosekana katika mjadala wetu wa sasa, na ndiyo inayoniumiza. Kijana wa Bondo anayeandika kuhusu dawa zilizokosekana zahanati, au kuhusu ardhi ya umma iliyozungushwa mabati usiku, anahitaji jina la kupanga kwa sababu hospitali ni moja, chifu ni mmoja na mjomba wake anafanya kazi kaunti. Mwandishi wa barua kwa mhariri alipewa haki hiyo zamani: gazeti lilimjua, wasomaji hawakumjua. Lilikuwa jina lenye shahidi mmoja, na shahidi huyo alikuwa na wajibu wa kunyamaza. Mitandao imechukua nafasi ya gazeti bila kuchukua wajibu wake. Kampuni inajua namba yako ya simu, na namba yako imesajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo jina lako la kupanga linakuficha kwa wenzako na linakuacha wazi kwa dola. Kwa tapeli ni kinyume, maana laini anayotumia imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzee wa Nyakach aliyekiacha kwa wakala.

Lipo jambo la mwisho, nalo halina siasa. Katika Facebook ya watu wa huku kuna wafu wengi. Ukurasa wa marehemu hugeuka uwanja wa matanga: wanaandika siku ya kuzaliwa, wanaandika Krismasi, wanatia picha ya kaburi likiwa limesakafiwa. Kimila, jina la aliyekufa halipotei, hurudi kwa mtoto wa ukoo, na mtoto huyo huitwa kwa heshima aliyokuwa nayo mzee. Akaunti hairudi kwa mtu. Facebook inaweza kuigeuza kuwa ya kumbukumbu, na hapo hakuna tena anayeweza kuiingia. Jina la anwani linabaki limefungwa na mjukuu aliyeitwa kwa babu yake hatalipata. Isipogeuzwa, hubaki wazi kwa yeyote atakayeibahatisha nywila, na familia kadhaa zimewahi kuomboleza huku akaunti ya mpendwa wao ikiwaomba watu mikopo. Tangu 2015 Facebook imeruhusu mtu kumteua mwenzake wa kuisimamia akaunti yake akifa. Mpangilio huo uko kwenye sehemu ya kumbukumbu ndani ya mipangilio ya akaunti, na kuujaza hakuhitaji zaidi ya jina la mtu mmoja unayemwamini. Kamati ya mazishi inapoketi uani kugawana kazi, nani ashike daftari la michango, nani aende mochari, nani atafute hema na spika, naomba aongezwe mmoja wa kuishughulikia akaunti ya marehemu kabla ya wiki hiyo kwisha: awatangazie watu kwamba mwenyewe hayupo, akatae kwa jina la familia kila ombi la fedha litakalotoka humo, na aiandikie kampuni akiwa na cheti cha kifo mkononi.